Fundi Taratibu na Diski za Mwalimu Nukta

Mimi sioni tangu nikiwa na miaka minne, kwa hiyo mtu nikimjua, kwanza namjua kwa nyayo zake. Nyayo za Fundi Taratibu zilikuwa za mtu aliyebeba mzigo upande mmoja: mguu wa kulia mzito, wa kushoto mwepesi, na katikati yake mlio wa vyuma vikigongana ndani ya mkoba. Siku ya kwanza alipopanda ngazi tatu za chumba chetu cha uchapaji, nilidhani wamekuja watu wawili.

Alisimama mlangoni, akavuta pumzi puani.

"Kuna kitu kimeungua humu," akasema. "Jana au juzi?"

"Juzi asubuhi, fundi. Karibu ndani."

"Nimeshakaribia, mwalimu. Ngoja kwanza ninuse vizuri."

Nikampenda hapohapo. Mafundi wawili waliomtangulia hawakunusa kitu. Wa kwanza aliitazama kompyuta yetu akaangua kicheko, akasema ina umri wa babu yake na tuitupe. Wa pili aliifungua, akaifunga, akauliza bomba la maji liko wapi anawe mikono.

Shule yetu ni ya watoto wasioona, na vitabu vyetu tunavichapa wenyewe kwa nukta nundu, yale maandishi ya kusomwa kwa vidole. Mashine ya kuchapia ni kubwa kama kabati la nguo. Ikianza kuzigonga karatasi, utadhani mvua ya mawe imeanguka juu ya bati. Lakini mashine hiyo haina akili yake yenyewe. Ilikuwa inaongozwa na kompyuta moja ya zamani, na ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na programu iliyoandikwa na Mwalimu Nukta.

Huyu Mwalimu Nukta ndiye aliyenifundisha kusoma. Naye hakuwa anaona. Alijifunza kuandika programu kwa kumsikiliza mkewe akimsomea vitabu kwa sauti, sura moja baada ya nyingine, na ilimchukua miaka mitatu kuimaliza ile yake. Kazi ya programu hiyo ni kuchukua maandishi ya kawaida na kuyageuza kuwa nukta, tena kwa vifupisho. Vifupisho ni jambo kubwa kwetu. Kitabu ambacho wewe unakitia mfukoni, kwetu kinajaza rafu, kwa sababu nukta zinakula nafasi. Mwalimu Nukta alitunga vifupisho zaidi ya mia mbili vya maneno yanayojirudia, na watoto wetu wote wanavisoma tangu darasa la tatu. Alipofariki miaka minne iliyopita, nilirithi kiti chake na chumba chake. Watu huniambia taa ya chumba hicho ni mbovu sana. Mimi haijawahi kunisumbua.

Sasa kompyuta ilikuwa imetoa moshi, na mtihani wa mwisho ulikuwa umebakiza wiki saba. Wanafunzi kumi na tisa walikuwa wanasubiri vitabu vya marudio. Tulijaribu programu mpya tuliyopewa na wafadhili pamoja na kichapishi chake kidogo. Ilikuwa inaandika kila neno kwa urefu wake wote, na ikifika kwenye ng' inababaika. Msichana mmoja wa darasa la sita alisoma nusu ukurasa, akanirudishia karatasi.

"Mwalimu," akasema, "kitabu hiki kina kigugumizi."

Hapo ndipo mpishi wa shule aliponiambia kuna mama mmoja nyuma ya soko, anatengeneza simu na pasi, lakini nyumbani kwake amejaza kompyuta za zamani mpaka mumewe anaingia ubavu ubavu.

Habari za maisha ya mama huyo, ndiye Fundi Taratibu, nilikuja kuzijua baadaye, kidogo kidogo, maana si mtu wa kujieleza. Baba yake alikuwa fundi wa saa kwenye kibanda chenye upana wa mlango. Alikuwa akimkalisha bintiye kwenye kigoda pembeni, na neno lake lilikuwa moja tu: taratibu. Ukishika kibano, taratibu. Ukikaza skurubu, taratibu. Binti alipofikisha miaka minane alikuwa anaweza kuinua gurudumu la saa ya mkononi bila mkono kutetemeka. Wenzake wakampachika neno hilo liwe jina, na mpaka leo ukimtafuta kwa jina alilopewa na wazazi hutampata.

Alipokua aliajiriwa kupiga chapa kwenye ofisi ya ramani. Kompyuta za kwanza zilipofika, zilikaa kwenye maboksi miezi miwili kwa sababu kila mtu aliogopa kuulizwa zikiharibika. Yeye akazifungua. Printa ilipokwama, na fundi rasmi alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi, akaifungua kwa tupa ya kucha.

Bosi wake akamkuta katikati ya vipande. "Wewe mama, umeajiriwa kupiga chapa au kupasua mashine?"

"Bosi, nisipoipasua hii, nitapigia chapa wapi?"

Kuanzia hapo kila kitu kilichokwama ofisini kiliishia kwenye meza yake.

Miaka ikapita, ofisi ikaletewa kompyuta mpya. Zile za zamani zikatupwa uani, mvua ikazinyeshea. Yeye akaandika barua ya kuomba azichukue, akapewa ruhusa na kicheko juu yake, akakodi mkokoteni na kwenda safari tatu. Mumewe, dereva wa malori, aliporudi safari alikuta hakuna pa kuweka mguu.

"Sasa mke wangu, mimi nilale juu ya kibodi?"

Lakini kesho yake akatafuta mbao za makreti, akapiga rafu kuta zote nne. Fundi anaposimulia hapo huwa anacheka peke yake, na nasikia anavyompenda yule mtu.

Basi turudi siku ile chumbani kwangu. Alifungua kompyuta, akapuliza vumbi, akagusa hapa na pale, akaiwasha kidogo kwa waya alizokuja nazo.

"Mwalimu, lete sikio lako hapa. Unasikia?"

Nikainama. Ndani mlikuwa na mlio mdogo, tik, tik, tik, halafu kimya.

"Hiyo ni diski yake ya ndani inatafuta pa kuanzia, haipaoni. Imekwenda hiyo. Programu yenyewe mliletewa kwenye nini?"

"Kwenye flopi. Zile diski bapa za plastiki."

"Ziko wapi?"

Zilikuwa stoo, chini ya paa linalovuja. Tulipolifungua boksi, nilipigwa na harufu ya ukungu hata kabla ya kutia mkono. Kadibodi ilikuwa imegeuka uji. Fundi alizigeuza moja moja, kisha akafunga mfuniko kwa upole kama mtu anayemfunika marehemu.

"Hizi hata mimi siziwezi. Hakuna nakala nyingine duniani?"

Nikasita. "Ipo. Kwa mjane wa Mwalimu."

Mkuu wa shule, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, akakohoa. Nilijua kikohozi kile. Baada ya maziko ya Mwalimu Nukta, shule iliazima mashine yake ya kuandikia na mafaili yake mawili ya maandiko ili yawekwe kwenye maonyesho. Havikurudi. Hakuna aliyejua vilipotelea wapi. Mjane alikuja kuviulizia mara tatu, mara ya nne akasema mtu wa shule asikanyage tena kwake, na sisi, kwa aibu, tukatii.

"Hatatupa," mkuu akasema.

"Basi tusimwombe atupe kitu," Fundi akajibu. "Tumwombe atukaribishe."

Tulikwenda asubuhi ya pili yake, mimi na yeye tu. Nyumba ilikuwa na kibaraza cha saruji na mlango unaokwaruza sakafu. Nilibisha hodi.

"Kama ni watu wa shule," sauti ikatoka ndani, "mlango huu umefungwa na utaendelea kufungwa."

"Shikamoo, mama," Fundi akasema kabla sijafungua kinywa.

Hata mtu akiwa na hasira kiasi gani, shikamoo haiachwi hewani. "Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi ni fundi, mama. Huyu hapa ni mwanafunzi wa marehemu. Sikuja kuchukua kitu. Nimekuja kuomba nafasi mezani kwako."

"Mezani kwangu? Ufanye nini?"

"Nasikia una diski za mzee. Naomba zisitoke. Zisivuke hata kizingiti. Nitaleta mashine zangu hapa, nizisome ukiwa umekaa unanitazama. Kila nikimaliza moja, utairudisha sandukuni kwa mkono wako mwenyewe. Ukinichoka, sema, nitakunja waya zangu niondoke."

Saa ya ukutani ilikuwa inagonga ndani, na niliihesabu.

"Chai unakunywa ya maziwa au kavu?" mjane akauliza.

"Ya maziwa, mama, ukiwa nayo."

Mlango ukakwaruza sakafu, tukaingia.

Tulikaa kwake siku tatu, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka jua linapoanza kupoa. Sebule ilinukia dawa ya sakafu, na viti vilikuwa na mifuko ya nailoni iliyolia kila ukijisogeza. Diski zilikuwa kumi na moja, ndani ya boksi la viatu, kila moja imebandikwa kikaratasi chenye nukta. Mjane na Fundi waliviona vikaratasi lakini hawakuweza kuvisoma. Nikavisoma mimi. Vidole vyangu vilipogusa ile nukta ya mwisho ya kila mstari, ambayo Mwalimu alikuwa anaikandamiza kupita kiasi, niliigusa tena na tena. Ni mkono wake kabisa.

Fundi alifungua kijilango cha chuma cha diski ya kwanza, akawasha tochi. "Kuna ukungu mweupe, mama. Unauona? Kama unga." Akachovya pamba kwenye spiriti, akawa anaizungusha ile sahani nyembamba ya ndani kwa ncha ya kidole huku anaifuta. Alikuwa anasema kila anachofanya, na mwanzoni nilidhani ananielezea mimi. Baadaye nikaelewa ni kwa ajili ya mjane, asije akadhani kuna linalofichwa.

Diski ikishakauka aliisoma yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, akaihifadhi nzima kama ilivyo kwenye kompyuta yake mpya, hiyo ya kufungua na kufunga kama kitabu.

"Sasa kompyuta ya zamani iko wapi?" mjane akauliza. "Naona haka kadogo tu."

"Iko humu ndani, mama. Naitengeneza humu humu, bila chuma wala waya. Programu ya mzee ikiamka itaona kumbukumbu ileile, diski ileile, kioo kilekile, idhani iko kwao. Tunaiita mashine pepe."

"Pepo?"

"Pepe, mama, pepe!"

"Aa, usiniletee mambo hayo. Nyumba hii tunasali."

"Kama barua pepe, mama. Ipo, inafika, ila haina bahasha."

Mjane akacheka mpaka nailoni ya kiti ikalia. Nadhani ndicho kicheko cha kwanza mbele ya mtu wa shule kwa miaka minne.

Siku ya kwanza diski kumi zilisomeka. Ya kumi na moja, iliyoandikwa "Jedwali la Vifupisho", ilikataa. Kila ikiingizwa ilisikika ikikwaruza, inarudi nyuma, inakwaruza tena. Na bila hiyo zile kumi hazikuwa na faida. Fundi alijaribu visomeo vitano, vile vyombo vya kutilia diski ili zisomwe, vyote vya zile mashine zake za uani. Wapi! Niliposikia anakunja waya za mwisho bila kusema neno, nilijua hajui la kufanya. Njia nzima tulipokuwa tunarudi alinijibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Kesho yake alikuja na swali. "Mama, hizi nakala mzee aliziandikia kwenye kompyuta gani?"

"Ya shule. Alikuwa hana nyingine."

"Hiyo iliyoungua?"

"Hiyo hiyo."

Nikasikia amejipiga paja. Alinieleza akiwa tayari amesimama: kila kisomeo kina kichwa, na kichwa hicho baada ya miaka kinaweza kupinda upande kwa unywele mmoja. Kikipinda kinaandika kwa kupinda, na kinajisoma chenyewe bila shida, ila vingine vilivyonyooka vinaona takataka; zile diski kumi lazima ziliandikwa kabla hakijapinda. Akaenda shuleni kwa miguu, akang'oa kisomeo cha ile maiti, akarudi nacho kimefungwa kwenye kanga. Grisi yake ilikuwa imekauka kama gundi. Akaikwangua kwa kijiti cha kiberiti.

"Mama, una mafuta ya cherehani?"

"Ninayo."

"Tone moja tu."

Mjane mwenyewe ndiye aliyelidondosha. Diski ikaingia, ikazunguka, na badala ya kukwaruza ikatoa mlio laini, wa kupanda hatua kwa hatua, wa kitu kinachosonga mbele. Mwisho Fundi akasema, "Imetoka. Karibu yote."

Karibu yote, kwa sababu kuna mahali ambapo ukungu ulikuwa umekula ile sahani yenyewe, na palipoliwa hapasomeki kwa mashine yoyote. Jedwali lilikuwa na orodha ya maneno, na mbele ya kila neno nukta zake. Katikati maneno ishirini na matatu hayakuwepo.

"Hayo sasa si kazi ya mashine," Fundi akaniambia. "Unayo vidoleni, mwalimu?"

Nilikuwa nayo. Nimeyasoma miaka thelathini. Nikaanza kumtajia nukta kwa namba zake, naye anaandika: neno hili nukta mbili na tatu, lile moja na sita. Yaliyonitatiza nilijaribu kwanza kwenye kitambaa cha meza, nikigonga kwa vidole mpaka mkono ukumbuke. Mjane alikuwa akisikiliza. Nilipotaja kifupisho cha "subira" akanikatiza.

"Hilo hakulifupisha."

"Mama, nadhani ni nukta mbili, tatu na nne, halafu..."

"Mwanangu, mimi ndiye niliyekuwa namsomea orodha usiku na mchana. Nilimwambia hilo nalo ulifupishe, linatokea sana. Akasema hapana, subira ukiifupisha inakuwa kitu kingine."

Nilipinga kidogo, kwa adabu. Jioni nikachukua kitabu cha zamani cha maktaba, nikakipekua mpaka nilipolikuta neno lenyewe. Lilikuwa limeandikwa herufi kwa herufi. Nilirudi kesho yake kuomba radhi.

Siku ya tatu Fundi akaiwasha ile mashine isiyo na mwili. Alikuwa ananisomea kinachotokea kwenye kioo: inahesabu kumbukumbu, inatafuta diski, imeipata, inaita programu.

"Imekufa," akasema.

"Imekufaje?"

"Imeandika kwamba imegawanya kwa sifuri, ikazimika. Hata sekunde haikumaliza."

Akarudia mara kumi na mbili. Kila mara hivyo hivyo. Mjane akaleta chai, chai ikapoa. Mimi nilikwisha kata tamaa na nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia mkuu wa shule. Fundi yeye alikuwa anagonga kikombe kwa kijiko, polepole, kama anahesabu.

"Mwalimu, ile kompyuta ya zamani ilikuwa inatoa sauti?"

"Sana. Mwalimu Nukta aliitilia milio kwa ajili yetu tusioona. Mlio mmoja, ukurasa umeisha. Miwili, kuna kosa. Na ikiwaka ina wimbo wake mdogo."

"Milio mirefu au mifupi?"

"Ina vipimo. Mmoja mrefu, mwingine mfupi."

"Ehee!" Kijiko kikasimama. "Kwa hiyo lazima ijue urefu wa muda. Ikiamka inajipima kwanza: inahesabu, inaangalia imetumia muda gani. Kwenye mashine ya zamani ilikuwa inatumia muda. Kwenye hii yangu, kabla haijafungua jicho imeshamaliza. Inaona imetumia sifuri. Inagawanya kwa sifuri, inajiua." Akacheka kidogo. "Mwenzetu hana kosa. Sisi ndio tunaomkimbiza."

Akaingia kwenye mipangilio ya mashine pepe, akaipunguza mwendo. Jaribio la kwanza ilizimika tena. La pili ilitoa sauti, lakini ya mbu, wimbo mzima umebanwa kwenye kufumba na kufumbua. Akapunguza zaidi. Taratibu, nikamsikia anajiambia, taratibu.

Na mara ikaimba. Milio mitano: miwili mifupi inayopanda, mmoja mrefu, miwili mifupi inayoshuka. Sawasawa na ilivyokuwa ikiimba kila asubuhi nilipokuwa mvulana wa kubebeshwa karatasi.

Kikombe cha mjane kikaanguka sakafuni. Hakikuvunjika, nilikisikia kikibingirika.

"Huo ni mluzi wake," mjane akasema. "Ndivyo alivyokuwa akipiga akifika getini. Ili nijue ni yeye."

Mimi wimbo ule nimeusikia maisha yangu yote na sikujua. Hakumwambia mtu. Shule nzima tulikuwa tunaanza kazi kwa mluzi wa mume anayemwita mkewe. Mjane hakuwahi kuusikia, kwa sababu hakuwahi kuingia chumba cha uchapaji. Kila alipokuja shule aliishia ofisini.

"Fundi," akasema baadaye, sauti imemrudia, "unaweza kuirudia?"

Fundi akaizima, akaiwasha. Akaizima, akaiwasha. Sikuhesabu mara ngapi, na Fundi hakusema amechoka.

Kuunganisha na mashine ya kuchapia kulichukua siku mbili zaidi, kwa sababu kebo ya mashine ile ni nene kama mkia wa ng'ombe na kompyuta za siku hizi hazina tundu lake. Fundi akapata tundu kwenye rafu zake za makreti, akalifunga kwenye kompyuta moja ya mezani, akaweka mashine pepe humo. Karatasi ya kwanza ilitoka nukta zikiwa zimepishana, akarekebisha. Ya pili nikaitoa mwenyewe ikiwa bado ina joto. Nikapitisha vidole. "Hisabati, Kitabu cha Marudio." Vifupisho vyote mahali pake. Nikampelekea yule msichana wa darasa la sita bila kumwambia kitu. Alisoma ukurasa mzima kimya, akafungua wa pili. Hakunirudishia karatasi.

Tulichapa siku kumi na sita. Wanafunzi wote kumi na tisa waliingia kwenye mtihani wakiwa na vitabu vyao. Mkuu wa shule alikwenda mwenyewe kwa mjane kuomba radhi, akiwa amesimama barazani, na mjane alimwacha asimame muda wa kutosha kabla hajamkaribisha. Mashine ya kuandikia na mafaili mawili ya Mwalimu havijapatikana mpaka leo, na mama huyu halisahau hilo, wala sioni kwa nini asahau. Lakini sasa huja shuleni kila mwezi, na hupitia chumba cha uchapaji asubuhi tunapowasha.

Fundi hakukubali kuondoka na ujuzi wake kichwani. Alinikalisha wiki nzima mpaka nikaweza kuiwasha, kuifunga na kuirudisha ikikwama. Maelekezo yote aliniandikisha kwa nukta nundu, na nakala za diski akaziweka mahali panne, moja kwa mjane. Nilipomwambia watu wa wizara wangefurahi kusikia kazi hii, akasema wakitaka kufurahi waje na karatasi, karatasi ndizo zinazotuishia. Akarudi kwenye simu na pasi zake.

Anakuja bado, kila Jumamosi, lakini si kwa kazi. Aliniomba nimfundishe kusoma nukta nundu. Nilimuuliza ya nini, na yeye macho anayo. Akasema siku zile tatu alikuwa anashika maandishi ya mtu mkononi bila kujua yamesema nini, na jambo hilo lilimkera.

Si mwanafunzi mwepesi. Vidole vyake vimechomwa na chuma cha kulehemu miaka mingi, ngozi imekufa ganzi, nukta haisikii. Tulijaribu kimoja kimoja mpaka tukakuta kidole kidogo cha mkono wa kushoto bado kizima. Hicho ndicho anachosomea. Anakwenda mstari mmoja kwa dakika mbili, anakosea, anarudi mwanzo bila kunung'unika, na mimi nakaa pembeni na kunyamaza. Jumamosi iliyopita alifika ukurasa wa tisa wa kitabu cha wanaoanza kusoma.